Ubavu wa Dagaa

Faili la baba halikupotea. Ninaanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia hunikatisha: "Aa, walilipoteza." Hapana. Kwa miezi 14 niliyolifuatilia, kila nilipouliza liko wapi niliambiwa, na kila nilipokwenda nililikuta palepale waliposema, kamba imefungwa vizuri, kurasa zimepewa namba, halina hata vumbi. Lilikuwa linatunzwa. Lilikuwa haliendi tu.

Baba alifundisha shule za msingi kando ya ziwa, upande wa Magu, mpaka alipotimiza miaka 60. Alichokuwa akisubiri ni kiinua mgongo, neno ambalo sijui aliyelibuni alikuwa anatania au alikuwa na huruma. Kasoro za faili lake nazijua kwa moyo. Barua ya ajira iliandikwa na karani aliyetia r mahali ambapo sisi Wasukuma tunatamka l, kwa hiyo jina la babu lina sura mbili. Shule aliyoanzia kazi ilikuwa wilaya ya Magu wakati ule. Tangu mgawanyo wa 2012 iko Busega, mkoa wa Simiyu, basi mhuri mmoja unasema hivi na mwingine unasema vile. Tarehe ya barua ya kuthibitishwa kazini ilikuwa imefifia. Na picha zake za pasipoti zilikuwa na mandhari nyeupe, wakati zilitakiwa za bluu.

Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ingetosha kumzuia mtu. Kila moja ilikuwa na dawa yake: kiapo kwa wakili, barua ya utambulisho, picha mpya. Tulizipeleka zote. Lakini faili lilipita katika mstari mmoja wa meza, nilihesabu 11, na hapakuwa na mlango wa pembeni. Meza ya tano ikiona barua ya wakili imewekwa baada ya fomu badala ya kabla, inalirudisha meza ya nne. Ya nne inarekebisha, inalipeleka ya tano, ya tano inalipitisha, ya saba inauliza kwa nini ya tano ilikuwa imelirudisha, inaandika dokezo, linarudi. "Mwalimu, hapa kwangu halina tatizo kabisa," kijana mmoja aliniambia, na alikuwa anasema kweli. "Nimelirudisha tu kwa mwenzangu aweke sahihi, kisha njoo Jumatatu." Siitaji ofisi hiyo, na kwa ninachotaka kusema jina lake si muhimu. Hakuna aliyenitukana. Wengi wao walikuwa watu wema, na mmoja alinipa kiti.

Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita hapa Mwanza. Nafundisha kwa Kiingereza kama tunavyotakiwa, kwa hiyo jambo linalofuata sikuwa nimewahi kulitamka kwa Kiswahili mbele ya mtu yeyote, mpaka jioni moja nilipokaa na baba juu ya jiwe kijijini kwao, taa za wavuvi wa dagaa zinaanza kuwaka ziwani, naye akaniuliza kwa upole kama huko mjini wamemsahau.

Mwaka 1958 Mmarekani Philip Anderson, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell huko New Jersey, alichapisha makala kuhusu elektroni zinazoshindwa kusambaa. Kabla yake picha iliyozoeleka ilikuwa ya mpira unaogongagonga: elektroni inapita ndani ya metali, inakutana na atomu ngeni, inapinda njia, inaendelea. Uchafu ukizidi, ukinzani unazidi. Waya ukiwa mrefu mara mbili, ukinzani unakuwa mara mbili. Kila kitu kwa kiasi chake, kama nauli. Anderson alionyesha kwamba mpangilio wa atomu ukivurugika vya kutosha, elektroni haipungui mwendo. Inatuama. Inabaki sehemu moja ya waya, na ukienda mbali na sehemu hiyo, uwezekano wa kuikuta unapungua haraka mno. Miaka michache baadaye, mwaka 1961, Mwingereza Nevill Mott na mwenzake Twose walitoa hoja iliyo kali zaidi: kama njia ni mstari mmoja tu, huhitaji vurugu kubwa. Vurugu yoyote, hata ndogo namna gani, inatosha, mradi waya uwe mrefu na uwe wa baridi sana. Anderson na Mott walipewa Nobeli mwaka 1977, pamoja na John Van Vleck.

Mtu anaweza kusema hizo ni hesabu za watu wasio na kazi, kwani nani amewahi kuona waya wa mstari mmoja. Mwaka 2008 makundi mawili, moja Palaiseau nchini Ufaransa na jingine Florence nchini Italia, yaliachia atomu zilizopoozwa mno zisambae katika njia nyembamba ya mwanga iliyovurugwa kidogo. Zilianza kusambaa, kisha zikasimama. Walizipiga picha zikiwa zimesimama.

"Kama wimbi linapoingia kwenye matete," baba alisema.

Nilisema hapana, na nikafurahi kwamba amekosea hapo hasa, maana wanafunzi wangu hukosea hapohapo. Wimbi likiingia kwenye matete linakufa. Nguvu zake zinaliwa na mabua, zinakuwa joto, zinaisha. Elektroni ya Anderson haijapoteza chochote. Nguvu zake ni zilezile ilizoanza nazo. Kila kizuizi kinairudisha kidogo na kuipitisha kwa sehemu kubwa, na kile kilichorudishwa nyuma kinarudishwa tena mbele na kizuizi kilichotangulia, na kwa kuwa elektroni ni wimbi, marejeo hayo yote yanakutana, yanajumlishana hapa, yanafutana pale. Mbele yanafutana. Huko nyuma yanajumlishana. Pangekuwa na njia ya kuzunguka, kama ilivyo katika bonge la metali lenye urefu, upana na kina, vurugu ndogo isingeshinda. Katika mstari hakuna pa kuzungukia.

Baba alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo halijafa," alisema.

"Halijafa baba. Limetuama."

Zipo namna nyingine za kutokwenda, na nilimtajia kwa haraka. Daladala ikijaa mpaka viti vyote vimekaliwa, hakuna awezaye kusogea kiti kimoja. Ndivyo vilivyo vihami vya kawaida, kama mpira unaofunika nyaya za umeme. Na ipo namna ya Mott mwenyewe, ambapo elektroni zinachukiana kiasi kwamba kila moja inakaa chumba chake na hakuna inayothubutu kuingia chumba chenye mwenzake, ijapokuwa vyumba vina nafasi. Ofisi za namna hizo pia nimeziona. Lakini ile ya baba haikuwa imejaa, na watu wake hawakuwa wanachukiana.

Darasani jambo hili naonyesha kwa kava za plastiki za kubaindia ripoti, zile angavu zisizo na rangi, unazipata duka lolote la steshenari. Natandika kitambaa cheusi mezani, naweka kava moja juu yake. Weusi unaonekana kama vile hakuna kitu. Naweka ya pili, ya tatu. Zikifika 40 weusi umeondoka. Kinachoonekana ni rangi ya fedha, na ukiinama unaona kivuli cha uso wako. Hakuna kava hata moja iliyobadilika. Ukichomoa yoyote na kuishika dirishani, unaona kupitia kwake mawe, mashuka yaliyoanikwa, ziwa.

Kisha nawapa hesabu, na hesabu hii naipenda kuliko zote ninazofundisha. Tuseme kila kava inapitisha asilimia 92 ya mwanga na kurudisha 8. Kava 40 zitapitisha kiasi gani? Mwanafunzi mwenye pupa anazidisha 0.92 kwa yenyewe mara 40, anapata chini kidogo ya asilimia 4. Mwanafunzi makini anamcheka: umesahau kwamba mwanga uliorudishwa unaweza kurudishwa tena mbele, kila sehemu ina nafasi ya pili na ya tatu. Anafanya hesabu ndefu, anapata asilimia 22. Hesabu yake ni safi kabisa, ila imehesabu mwanga kama risasi. Ukiuhesabu kama wimbi, na kava zikiwa hazikupangwa kwa vipimo vilivyo sawa, jibu la kawaida linarudi kuwa lile la mwenye pupa. Nafasi ya pili na ya tatu zipo, lakini zinafutana zenyewe kwa zenyewe. Mwenye pupa amepata bila kujua kwa nini, na makini amekosa kwa kufikiri vizuri.

Mimi nilikuwa yule makini. Kwa miezi mingi kila faili liliporudishwa nilijifariji kwamba si mwisho, litakwenda tena.

Hapo ndipo swali langu lilipozaliwa, na si la fizikia. Nani alikuwa na kosa?

Mwanafalsafa wa Uingereza Derek Parfit, katika kitabu alichotoa mwaka 1984, aliwaza kuhusu watesaji elfu moja, kila mmoja akibonyeza kitufe kinachoongeza maumivu ya mtu kwa kiasi kidogo kisichohisika. Hakuna aliyefanya jambo linaloonekana kuwa baya, na bado mtu anateseka vibaya. Parfit alisema tuache kuuliza tu kitendo changu kimeleta nini, tuulize pia sisi kwa pamoja tumefanya nini. Nilimsoma nikidhani nimepata jibu langu. Lakini watesaji wake wanajumlika. Ukimwondoa mmoja, maumivu yanapungua kwa sehemu moja ya elfu, hata kama haihisiki. Lawama inaweza kugawanywa kama mchango wa harusi. Meza za baba hazikujumlika hivyo. Huenda ungeiondoa meza ya tano na faili lisisogee hata kidogo. Huenda ungeiongeza ya 12 mahali fulani na likapita kwa bahati. Hata katika waya, mara chache sana, mpangilio wa ovyo hujikuta umefungua njia. Alichofanya kijana wa meza ya saba kilitegemea walichofanya wengine wote, kabla yake na baada yake, na hakuwa na namna ya kukijua. Nitampa sehemu gani ya lawama?

Hannah Arendt, mwaka uleule wa 1958, aliandika kuhusu utawala wa ofisi kama utawala wa Hakuna-mtu, na akaonya kwamba si lazima uwe mpole kwa sababu tu hauna mwenyewe. Baba hakuwahi kumsikia Arendt. Yeye ana kauli ya Mwalimu Nyerere aliyoiandika kwa chaki juu ya ubao wa kila darasa alilopewa: inawezekana, timiza wajibu wako. Nilitaka kumwambia kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe, kila mtu kule ametimiza wajibu wake, mwenye kuhakiki amehakiki, mwenye kurudisha amerudisha. Sikumwambia. Alikuwa mzee anayesubiri fedha zake, na kauli hiyo ilimwamsha kitandani miaka mingi.

Na mimi nina meza. Hili nalichelewesha kulisema. Katika miezi ileile, binti mmoja wa kidato cha sita, kwao Ukerewe, alikuja na fomu yenye kosa katika tarehe ya kuzaliwa. Ilihitaji sahihi yangu ili iende kwa mwenzangu, naye aipeleke mbele. Nilikuwa nasahihisha mitihani. Nilimwambia njoo Jumatatu. Jumatatu nilikuwa na ruhusa, nimekwenda kufuatilia faili la baba. Alikuja Jumatano, nikasaini, nikamrudishia kwa sababu hakuwa ameambatisha nakala ya cheti. Kiasi changu kilikuwa kidogo, asilimia 8 pengine. Baadaye nilisikia kwamba fomu ilifika baada ya siku ya mwisho. Nilifanya hesabu nione kama ingefika endapo ningesaini Jumatatu ya kwanza. Haihesabiki. Hilo lilipaswa kunipa nafuu na halikunipa.

Nadhani hapa ndipo elektroni na karani wanapoachana, na ningekosea kuendelea kuwafananisha. Kizuizi katika waya hakiwezi kugeuka kuangalia mstari. Mimi nilikuwa naweza. Nilijua fomu inatoka wapi na inakwenda wapi, ningeweza kusimama, kuishika mkononi, kuvuka korido. Kosa langu halikuwa ile asilimia 8, kwa kuwa hata nikiwa mwadilifu kupindukia nitarudisha kidogo. Tarehe ilikuwa na kosa kweli. Kosa lilikuwa kukaa. Sina hakika kama hilo linatosha kuitwa jibu, ila ndilo pekee ambalo halinipi pa kujificha.

Mott aliendelea na jambo hili, na mwaka 1968 alieleza kinachotokea pale waya usipokuwa wa baridi kabisa. Kutuama kamili kunahitaji baridi ya mwisho, nyuzi 273 chini ya sifuri. Juu ya hapo atomu zinatetemeka, na mtetemo huo unaweza kuipa elektroni kiasi kidogo cha nguvu, ikaruka kutoka mahali ilipotuama mpaka mahali pengine, mara nyingi si pa jirani, bali pa mbali palipo na kimo kinachokaribiana na chake. Panapohitajika kuruka, joto kidogo linatosha.

Kila Mtanzania ameshaelewa ninakoelekea.

Joto la kwanza lilikuja bila kuombwa. Mama mmoja wa masjala, aliyekuwa ananiona kila mara kwenye benchi, siku moja aliniuliza: "Wewe binti, unafuata nini siku zote?" Nikamweleza. Akavua miwani, akanyanyuka, akalichukua faili mkononi na kupanda nalo ngazi, akaingia kwa mtu wa meza ya nane bila kupitia ya sita wala ya saba. Alirudi dakika kumi baadaye, akaketi, akaendelea na kazi. Hakutaka hata soda. Nilipomshukuru alisema magoti yake yanahitaji mazoezi.

Meza ya nane lilipita. Ya tisa likatuama tena, wiki sita. Hapo mwanaume mmoja mpole, wa umri wangu, aliniambia kwamba faili kama hili linahitaji mtu wa kulisukuma. Ukiwa Msukuma neno hilo halikukosi, ijapokuwa kwa Kisukuma sukuma ni kaskazini tu. Nilijua anachosema. Nilijua pia kwamba Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhesabu anayetoa sawa na anayepokea. Nimewahi kuisoma mbele ya wanafunzi katika klabu yao. Baba alikuwa ameanza kukopa dawa za presha dukani. Siku iliyofuata niliweka shilingi 50,000 ndani ya bahasha ya kaki, nikaiingiza katikati ya nakala za vyeti, nikampa. Hakuifungua. Aliingiza droo, akaandika kitu kwenye faili, na baada ya siku 19 fedha za baba ziliingia benki.

Nimejaribu kuwaza kama bahasha ile na magoti ya yule mama vilikuwa joto la aina moja. Kwa faili havina tofauti. Liliruka mara mbili. Lakini elektroni inaporuka haimwachii mtu deni. Mtu wa meza ya tisa alijifunza jambo siku ile, na aliyenifundishia ni mimi: kwamba kukaa kimya wiki sita kunalipa. Wa nyuma yangu kwenye benchi, mzee mmoja wa Misungwi mwenye fimbo, alilipia somo hilo au bado analilipia. Na bado sisemi kwamba nisingefanya tena. Dawa za presha ni dawa za presha.

Baba aliponiuliza nani alilisukuma, nilisema mama mmoja wa masjala. Ni kweli, ila si kweli yote.

Alifurahi sana. Akasema mtu kama huyo hawezi kuachwa hivihivi, akaenda kwa jirani anayeanika dagaa, akachagua mwenyewe, safi, wasio na mchanga, akajaza ndoo ndogo ya rangi. Aliponikabidhi alimshika mmoja kati ya vidole, akamgeuzageuza kwenye jua. Nilimwambia kitu ambacho nilikuwa nimekihifadhi: rangi ile ya fedha kwenye ngozi ya samaki haitokani na rangi yoyote. Ni vipande vyembamba vya fuwele za gwanini, ile ambayo ni moja kati ya herufi nne za vinasaba, vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka kwa unene usio sawa. Kila kipande kinapitisha mwanga. Vikiwa vingi, bila mpango, vinakuwa kioo.

"Basi wewe unafundisha dagaa," alisema, akacheka, akamrudisha ndooni.

Nilipanda basi la Mwanza na ndoo miguuni. Njiani nilijiuliza kama zawadi inayokuja baada ya kazi ni zawadi, na kama mama yule ataipokea, na nikaona kwamba sina tena haki ya kuuliza. Alipokea. Akafungua mfuniko, akanusa, akaita ofisi nzima, akaanza kuwagawia kwa kikombe cha chai, kila mtu na alichonacho: mfuko wa rambo, gazeti, chombo cha chakula cha mchana. Mtu wa meza ya tisa alishuka ngazi akaungana na foleni. Aliniamkia, "Shikamoo mwalimu," ingawa tunalingana. Hakuwa na mfuko. Akarudi juu, akashuka na bahasha ya kaki, akaifungua kwa vidole viwili ili dagaa waingie.